Nusu ya Pili ya Ibara ya Nane: Historia Fupi ya Anga Yetu ya Chini

Jumamosi mbili zilizopita, hapa mtaani kwetu Tegeta, kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa jirani. Saa kumi na moja jioni, kabla mwali hajashuka garini, kijana wa picha alirusha ndege nyuki yake kutoka katikati ya uwanja. Watoto waliacha mpira wakaifuata kwa macho. Ilipanda ikawa kama nzi, kisha ikawa sauti tu. Haukupita muda ikaja helikopta kutoka upande wa Bunju, ikishuka, inatafuta pa kutua huko ufukweni. Vyombo viwili vikawa katika kipande kimoja cha anga kwa sekunde kadhaa. Hakuna kilichotokea. Kijana alipoteremsha chombo chake nilimuuliza kama aliiona helikopta. Akanijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, mimi nilikuwa naangalia skrini." Nilipomuuliza habari za kibali akacheka, akaniuliza kama nimeshakula.

Ndugu msomaji, simlaumu sana kijana yule, na nitaeleza kwa nini. Lakini jibu lake limenirudisha katika somo ambalo wanahistoria wetu hawajaligusa vya kutosha, yaani historia ya anga ya chini: ile sehemu ya mbingu iliyo juu ya mapaa na minazi, lakini chini ya njia za ndege kubwa. Tumeandika mengi juu ya ardhi, na kidogo juu ya bahari. Anga hii tumeichukulia kama tupu. Ninavyoisoma historia yake, taifa letu limezoea kuuliza swali moja tu kuhusu anga ya chini: nani anaruka, na kwa idhini ya nani? Swali la pili, nani yuko mbele ya nani wakati huu, hatujalizoea. Na hilo la pili ndilo linaloua watu.

Tuanze Rufiji. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika matawi ya delta, nyuma ya mikoko, mahali ambapo Waingereza waliokuwa baharini hawakuweza kuiona. Wakamkodi rubani wa kiraia aliyeitwa Dennis Cutler, akaja na ndege ya kutua majini aina ya Curtiss. Novemba akaiona manowari kutoka juu. Mwezi uliofuata akatekwa. Mwaka 1915 Waingereza walijenga kiwanja cha ndege kisiwani Mafia. Tarehe 11 Julai, wakati meli za Severn na Mersey zikipiga mizinga kutoka mtoni, ndege ilizunguka juu ya mikoko ikituma kwa redio ishara za mahali makombora yalipoanguka, ili wapigaji wasahihishe shabaha. Ndege ile ikapigwa ikaanguka, marubani wakaokolewa, lakini Königsberg haikupona. Kwa mtu wa delta aliyekuwa akitazama, ndege haikuja kama usafiri. Ilikuja kama jicho la mwenye mizinga. Nadhani sura hiyo haijatutoka hadi leo.

Miaka 29 baadaye mataifa yalikutana Chicago kuandika sheria ya anga ya dunia. Mkataba ulitiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, wakati ambapo London ilikuwa imekwisha kuonja mabomu ya V-1, ambayo kwa hakika yalikuwa ndege zisizo na rubani. Si ajabu, basi, kwamba mkataba ule una ibara nzima, ya 8, inayohusu ndege za namna hiyo, miongo mingi kabla mpiga picha yeyote wa Tegeta hajazaliwa. Tanganyika ilijiunga na mkataba huo mwaka 1962. Ibara yenyewe ni fupi, nayo ina nusu mbili. Nusu ya kwanza yasema chombo kisicho na rubani kisiruke juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Nusu ya pili yaitaka kila nchi ihakikishe kwamba chombo hicho, kikiruka katika maeneo yaliyo wazi kwa ndege za kiraia, kinaongozwa kwa namna itakayoziepusha ndege hizo na hatari. Nusu ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Nusu ya pili ni ya wale wanaopishana ukumbini.

Sisi tulikua na nusu ya kwanza, na tulikuwa na sababu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Siku tano baadaye, alfajiri, makomandoo wa Kiingereza waliinuka kwa helikopta kutoka kwenye meli ya Centaur wakashuka katika uwanja wa michezo kando ya kambi. Colito ndiyo Lugalo ya leo. Tunaipita kila siku katika barabara hii hii ya Bagamoyo tukitoka Tegeta kwenda Mwenge. Kwa hiyo taifa changa lilijifunza, kilomita chache kutoka hapa ninapoandika, kwamba hatima ya dola yaweza kuamuliwa na vyombo vinavyopita chini juu ya minazi. Jeshi jipya, JWTZ, likazaliwa Septemba 1 mwaka ule ule. Septemba 1972 ndege za Idi Amin zikashambulia Bukoba na Mwanza. Machi 1979 ndege ya Libya ikaja kuipiga Mwanza tena, ikakosa shabaha. Makombora yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua swala. Watu hucheka wanapoisikia habari hiyo, ila aliyekuwa Mwanza siku ile hakucheka.

Kuna tukio jingine la Vita vya Kagera ambalo hatulisimulii kwa furaha. Katika siku za mwanzo za vita, wapiganaji wetu wa kulinda anga waliangusha baadhi ya ndege zetu wenyewe. Waliokuwa chini walikuwa hodari, na waliokuwa juu walikuwa na idhini zote ambazo dola ingeweza kutoa. Kilichokosekana ni njia ya aliye chini kujua, katika dakika ile, aliye juu ni nani. Nalitaja si kwa kubeza jeshi, bali kwa sababu ndilo funzo la nusu ya pili ya ibara, na tulilipata kwa gharama kubwa kuliko mkutano wowote wa wataalamu.

Kisha ikaja rada. Msomaji wa umri wangu hahitaji kukumbushwa: rada ya kampuni ya BAE, pauni milioni 28, iliyopingwa hata na Clare Short akiwa waziri katika serikali ya Uingereza yenyewe, na ile "chenji ya rada" ya pauni milioni 29.5 iliyokuja kununua vitabu na madawati. Mjadala ulikuwa wa haki, maana fedha zilikuwa zetu. Lakini ulituachia picha isiyo sahihi, kwamba ukishakuwa na rada nzuri unaona kila kitu. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa kwa ajili ya rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hatua kubwa, na naipongeza. Hata hivyo rada ya kiraia kwa sehemu kubwa haitazami, bali inauliza. Hutuma swali kwa mawimbi, na kifaa ndani ya ndege kiitwacho transponda hujibu: mimi ni fulani, niko kimo hiki. Chombo cha kilo moja kilichonunuliwa Kariakoo hakina transponda. Hakijibu, kwa hiyo kwenye kioo cha mwongozaji wa ndege hakipo. Na rada ile nyingine, inayopokea mwangwi wa mawimbi yake yenyewe, hupata shida kumtofautisha mdudu huyo wa plastiki na kundi la ndege hai, au kumwona kabisa nyuma ya majengo na vilima.

Wakati huo huo, kimya kimya, wasomi wetu walikuwa wameanza kuiona anga ya chini kwa namna nyingine. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulirusha ndege nyuki juu ya Tandale, hapa Kinondoni, ukishirikisha COSTECH, wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu na wakazi wenyewe, ili kuchora ramani za mitaa inayofurika mvua zikinyesha. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, walianza kuipiga picha Unguja na Pemba yote kwa vyombo vidogo vya mabawa vilivyorushwa na vijana wa SUZA. Ni visiwa vyenye ndege za watalii mchana kutwa. Mwaka 2018 ikaja kazi ya Ziwa Victoria: kampuni za DHL na Wingcopter, pamoja na shirika la Kijerumani la GIZ, zilirusha chombo cha kubeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, safari ambayo kwa barabara ni kilomita 240 za mzunguko. Oktoba mwaka huo Mwanza ikapokea wataalamu wa nchi nyingi katika mashindano ya Lake Victoria Challenge, vyombo vikavuka maji hadi kisiwa cha Juma. Mwanza ile ile ya 1972 na 1979. Kiwanja kile kile cha ndege chenye kambi ya jeshi. Mimi naliona hilo kuwa tukio la kihistoria kuliko lilivyoandikwa, kwa sababu kwa muda ule mnara wa kuongozea ndege, jeshi na warusha vyombo walijua kila siku nani anaruka wapi na saa ngapi. Nusu ya pili ya ibara ilitekelezwa, ziwani, na ikawezekana.

Iliwezekana kwa sababu ilikuwa njia moja, kwa ratiba, na watu waliofahamiana. Mazoezi yakaisha, wageni wakaondoka. Kilichobaki kwa raia wa kawaida ni Kanuni za mwaka 2018 kuhusu vyombo hivi, na utaratibu wa kupata idhini ya Wizara ya Ulinzi pamoja na ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Agosti 2017 ilikuwa imetangazwa kwamba kampuni ya Zipline ingefungua vituo vinne vya kupeleka damu na dawa nchini, cha kwanza kikiwa Dodoma. Vituo vile havikufunguliwa. Rwanda ilikuwa imekwisha kuanza, Oktoba 2016, kutoka Muhanga. Malawi mwaka 2017 ilitenga eneo la Kasungu, duara la kilomita 80, kwa majaribio ya kibinadamu. Kenya ilikwama kwa namna yake: Bunge lilizibatilisha kanuni za 2017, mpya zikaja 2020. Sisemi Rwanda ina akili kuliko sisi. Ina anga ndogo, ndege chache, na sauti moja ya kuamua. Lakini yenyewe iliuliza chombo kitapishanaje na ndege nyingine. Sisi tuliendelea kuuliza mwenye chombo ni nani.

Nirudi kwenye sherehe, maana hapo ndipo hesabu ilipo. Nchi nyingi zimeweka ukomo wa mita 120 kwa ndege nyuki. Kanuni za kimataifa nazo zinazuia ndege yenye rubani anayeruka kwa kutazama kushuka chini ya mita 150 juu ya ardhi, au mita 300 juu ya makazi yenye msongamano, isipokuwa inapopaa, inapotua, au ikiwa na ruhusa. Kwenye karatasi vyombo havikutani: mmoja chini, mwingine juu, nafasi ya mita 30 katikati. Sasa jiulize mita 120 kutoka wapi. Chombo cha kijana kinahesabu kutoka pale kilipoinuka. Rubani wa helikopta anasoma kimo kwa mgandamizo wa hewa, akilinganisha na usawa wa bahari, na kifaa chake kinaruhusiwa kukosea kwa mita 20. Ukirusha kutoka kilele cha Wazo, penye machimbo ya saruji, halafu ukaelekeza upande wa bahari, ardhi inashuka chini yako huku skrini ikikuambia bado uko mita 120. Hujavunja sheria kwa mujibu wa skrini, nawe tayari umeingia anga ya mwingine. Na helikopta inayotua, ya mgonjwa, ya polisi au ya mgombea, inapita humo humo kihalali.

Tumezoea chopa za kampeni tangu Freeman Mbowe alipozunguka nayo mwaka 2005. Leo kila mkutano mkubwa una chopa inayoshuka uwanja wa shule na ndege nyuki tatu nne zinazogombania picha ya kushuka kwake. Niliwahi kusimama katika mkutano mmoja wa namna hiyo nikahesabu. Nilipofika ya nne nikaacha.

Mtaniambia rubani ana macho. Ndiyo, kanuni kongwe ya anga ni kuona na kukwepa. Miongozo ya Marekani hukadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12.5 tangu jicho linase kitu hadi ndege ianze kugeuka. Helikopta inayokwenda kilomita 200 kwa saa hupita mita 55 kila sekunde. Maana yake ni kwamba angepaswa kukiona chombo chenye upana wa kiganja na dhiraa kutoka karibu mita 700. Hakuna jicho la namna hiyo. Septemba 2017, mjini New York, helikopta ya jeshi la Marekani iligongana na ndege nyuki aina ya Phantom. Helikopta ilitua salama, ikiwa na kipande cha chombo kile kimenasa. Mrushaji alikuwa kilomita nne mbali na hakujua kama amegonga kitu hadi wachunguzi walipomfikia. Naye, kama kijana wetu, alikuwa akiangalia skrini.

Na hata marubani wawili wenye macho wanne hawatoshi. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Hifadhi ya Nairobi, Dash 8 ya Safarilink yenye watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo, zote zikiwa zimetoka Wilson, uwanja uliochukua jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929. Dash 8 ilirudi ikatua. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Ndege zote mbili zilikuwa na marubani, redio na mnara. Ongeza chombo cha tatu ambacho hakina hata kimoja kati ya hivyo, kisha chukua ramani, upige rula kutoka Kipawa hadi uwanja wa Abeid Amani Karume. Mstari utapita jirani kabisa na Tegeta. Caravan zinazovuka kwenda Unguja huwa zimekwisha kupanda juu zinapofika kwetu. Siku ya hitilafu ya injini rubani hana anasa ya kuchagua kimo.

Natambua hofu ya wenzetu wa ulinzi, na si hofu ya kubuni. Ukraine na mashariki mwa Kongo zimeonyesha chombo cha bei ndogo kinaweza kufanya nini. Ninachobishia ni imani kwamba kibali kigumu ni kinga. Mwenye nia mbaya haombi kibali. Mpiga picha wa harusi, anayelipwa Jumamosi hii kwa kazi ya Jumamosi hii, akiona mlolongo wa ofisi na majuma ya kusubiri, haachi kazi, anajificha. Na aliyejificha ndiye hatari kwa rubani, kwa sababu hatampigia mtu yeyote simu kusema yuko wapi. Ndiyo maana nilisema simlaumu sana. Tumemfundisha kuwa kuonekana ni kosa.

Nchi nyingine zimeanza kugeuza hilo. Marekani inataka vyombo vingi vitangaze kwa redio, muda wote vikiwa hewani, utambulisho na mahali vilipo, na ruhusa ya kuruka karibu na viwanja hutolewa kwa simu ndani ya dakika chache. Ulaya imeanza, tangu Januari 2023, kanuni za maeneo ambamo vyombo hivi na ndege za marubani hubadilishana taarifa. Hatuna haja ya kununua vyote hivyo kwa mkupuo, na baada ya ile rada ningeogopa ununuzi wa mkupuo. Ila lipo linalowezekana kwa fedha ndogo: usajili wa chombo ufanywe mara moja, jeshi limhakiki mtu na si kila mruko, kila mruko utolewe taarifa kwa simu, ya kawaida hata kwa menyu ya nyota na reli, yenye mahali, saa na kimo, taarifa hiyo ifike mnarani na kwa kampuni za helikopta, pamoja na ulinzi. Kimo kiandikwe kwa kipimo kimoja kinachosomwa na pande zote mbili. Njia za helikopta za Dar es Salaam zichorwe na zitangazwe, ili hata fundi picha wa Mbagala ajue kwamba ufukwe fulani si wa kurusha. Tuna wataalamu waliofanya kazi hii Tandale, Unguja na Mwanza. Wengi wao wako hai, wako nchini, na hawajaitwa.

Jeshi lenyewe lingekuwa mnufaika wa kwanza. Anga ambayo wema wote wanajitangaza ni rahisi kumtambua asiyejitangaza. Mwaka 1978 tungelipa thamani yoyote kwa ajili ya taarifa ya namna hiyo.

Kijana amenitumia video ya sherehe. Bibi harusi amependeza. Kwenye dakika ya pili na sekunde chache helikopta inakatiza upande wa kulia, usawa uleule wa kamera, na kona ya skrini imeandikwa mita 118. Nilimpigia nikamwambia airudie aitazame. Akanyamaza kidogo, akasema hakuwahi kuiona ile sehemu kwa sababu wakati wa kuhariri aliikata. Halafu akaniuliza, safari hii bila kucheka, kama nina namba ya mnarani, kwa kuwa Jumamosi ana harusi nyingine hapo Kibaoni. Sikuwa nayo.